Vichwa Saba, Pembe Kumi

Chukua penseli, mjukuu wangu, unichoree mnyama. Ana vichwa saba na pembe kumi. Mwili wake ni wa chui, miguu ni ya dubu, kinywa ni cha simba, na anatoka majini. Hayo ndiyo maelezo unayopewa na kitabu cha Ufunuo wa Yohana, sura ya 13, na Biblia yako ya shule haina picha ya kukusaidia. Haya, anza.

Utakwama mapema. Shingo ni moja au ni saba? Na pembe kumi utazigawaje? Kila kichwa kikipata moja, zinabaki tatu mkononi, na vichwa vyote vinakutazama. Labda vitatu vipewe mbilimbili, vinne viridhike na mojamoja. Lakini vipi vitatu? Watu walikuwa wakisumbuka na hesabu hii miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, wakiwa wameinamia ngozi ya mnyama mwingine, mikono ikiwa na baridi, rangi zikikauka kwenye vikombe. Leo nataka niwasimulie habari za watu hao: waliochora mwisho wa dunia kwa mkono, kitabu baada ya kitabu.

Wengi wenu mnyama huyo mmeshaonana naye. Kama umewahi kwenda makambi na Wasabato kule Kendu Bay, Oyugis au Rongo, pengine ulimwona mhubiri akionyesha chati kwa fimbo: sanamu ya mfalme Nebukadneza yenye kichwa cha dhahabu na miguu ya chuma na udongo, simba mwenye mabawa, dubu, chui mwenye vichwa vinne, kisha yule wa kutisha. Siku hizi ni projekta na jenereta, lakini wanyama ni wale wale.

Walifikaje Homa Bay? Sehemu ya njia yao inajulikana vizuri. Mwaka 1906 Mkanada mmoja, Arthur Carscallen, alifika pwani ya ziwa letu pamoja na Peter Nyambo, kijana kutoka nchi ambayo leo ni Malawi, wakafungua misheni ya Wasabato pale Gendia, karibu na Kendu Bay. Mwaka 1913 Gendia ilikuwa na mashine yake ya kupiga chapa. Kutoka hapo misheni ikaenea hadi Kamagambo, karibu na Rongo, katika kaunti ya Migori ya leo, ambako shule yake inajulikana na kila mtu.

Chati zenyewe ni za zamani zaidi kuliko misheni. Huko Marekani kulikuwa na mkulima aliyeitwa William Miller. Alisoma Danieli na Ufunuo kwa miaka mingi, akapiga hesabu, akaona kwamba Yesu angerudi karibu na mwaka 1843. Wahubiri wawili wenzake, Charles Fitch na Apollos Hale, walitengeneza chati kubwa ya wanyama na tarakimu, wakaionyesha Boston mwaka 1842, na nakala 300 zikachapishwa ili wahubiri waende nazo huku na huku. Mwaka ukapita. Wafuasi wakarudia hesabu, wakaangukia tarehe 22 Oktoba 1844. Kuna wakulima walioacha viazi ardhini, maana nani angevila? Tarehe 23 jua likachomoza kama kawaida. Watu walilia. Baadhi ya waliobaki baada ya majonzi hayo ndio walioliunda kanisa la Wasabato mwaka 1863, na kanisa hilo tangu hapo halitaji tarehe. Picha za wanyama, hata hivyo, hawakuziacha.

Jambo hilo la tarehe kupita na picha kubaki si la Marekani peke yake. Ni la zamani mno, na ndilo lililonivuta kwenye vitabu hivi. Twende Hispania.

Kaskazini mwa Hispania kuna milima, na ndani ya milima hiyo bonde linaloitwa Liébana. Miaka ya 770 aliishi huko mtawa aliyeitwa Beatus. Sehemu kubwa ya nchi ilikuwa chini ya watawala Waislamu waliokuwa wamevuka bahari kutoka Afrika mwaka 711, na Wakristo wa milimani walijiona wamebanwa kwenye kona ya dunia. Karibu na mwaka 776 Beatus aliandika maelezo marefu juu ya Ufunuo wa Yohana, akikusanya maneno ya waalimu wa kale, baadhi yao watu wa Afrika Kaskazini. Aliamini, kama wengi wa wakati wake, kwamba dunia imepewa miaka 6000 tu tangu kuumbwa. Akahesabu. Akaona miaka hiyo ingetimia karibu na mwaka 800. Yaani alibakiwa na muda wa kulea mtoto mmoja tu hadi aoe.

Hapa pana kisa ambacho mimi nakipenda, ingawa lazima niseme mapema kwamba kilisimuliwa na maadui wake, maaskofu waliokuwa wakigombana naye juu ya mafundisho. Wanasema mkesha mmoja wa Pasaka Beatus aliwatangazia watu kwamba dunia inaisha. Watu wakaingiwa na hofu kubwa, hawakula usiku ule. Kukapambazuka, hawakula. Wakakaa hivyo hadi saa tisa mchana. (Wao pia walihesabu saa kuanzia jua linapochomoza, kama sisi, kwa hiyo saa tisa yao ni saa tisa yetu.) Ndipo mtu mmoja aitwaye Hordonius, aliyeshindwa na njaa, akawaambia wenzake wale na wanywe, ili kama ni kufa, wafe wameshiba.

Kisa hiki kiliandikwa ili Beatus achekwe. Lakini mimi nikikisoma, ninayemwona ni Hordonius. Kila mahali ambapo mwisho wa dunia umetangazwa, yuko Hordonius wake.

Mwaka 800 ulifika ukapita. Sasa, wewe ukiwa mtawa wa mwaka 900, una kitabu cha Beatus rafuni, na tarehe yake imeshapita miaka mia, utakifanya nini? Ungedhani kingetupwa. Wao walikinakili. Wakakinakili tena. Nakala zenye picha zilizobaki hadi leo ni zaidi ya 20, na zote ni za baada ya tarehe ile, nyingi kuanzia miaka ya 900 hadi miaka ya 1200. Kitabu cha mwisho wa dunia kilistawi hasa baada ya dunia kukataa kuisha.

Sababu moja ni ya kawaida kabisa. Mwaka 633, muda mrefu kabla ya Beatus, maaskofu waliokutana mjini Toledo walikuwa wameagiza Ufunuo usomwe kanisani kila mwaka, kati ya Pasaka na Pentekoste. Kitabu kinachosomwa kila mwaka kinahitaji maelezo, na maelezo ya Beatus yalikuwepo. Sababu ya pili, nadhani, ni kwamba watawa waligundua kuwa picha hazikuhitaji tarehe ili ziwe na kazi. Joka likikutisha leo ili uache wizi, limefanya kazi yake, mwaka uwe wowote.

Mchoraji mmoja alisema karibu hivyo mwenyewe. Jina lake Maius, wa monasteri ya Tábara. Katikati ya miaka ya 900 alimaliza nakala kubwa ya Beatus, na mwishoni akaandika kwamba ameipamba ili wenye hekima waogope hukumu inayokuja. Kitabu hicho leo kiko New York, kwenye Maktaba ya Morgan. Ukikifungua, kwanza unashangaa rangi. Nyuma ya watu hakuna mbingu ya bluu wala majani ya kijani. Ukurasa umekatwa mikanda mipana ya kulala: njano, nyekundu, bluu iliyoiva, zambarau, na watu wamesimama mbele ya mikanda hiyo na macho makubwa meusi yaliyo wazi kabisa. Hakuna kivuli wala umbali. Nzige wa Ufunuo, wale wenye mikia ya nge, wanachoma watu waliolala chini. Joka jekundu limejaa kurasa mbili, limejinyonganyonga, na mkia wake unazoa nyota mbinguni.

Angalia ukurasa mmoja kwa karibu. Ni karamu ya mfalme Belshaza wa Babeli, usiku ule mkono ulipotokea na kuandika ukutani. Kisa hicho ni cha Danieli, na baadhi ya nakala za Beatus zilishonewa maelezo ya Danieli humohumo. Maius hakuwahi kuiona Babeli. Kwa hiyo ikulu ya Belshaza akaichorea tao la umbo la kiatu cha farasi, lenye mawe ya rangi mbili zinazopokezana, moja kwa moja kama matao ya msikiti mkuu wa Córdoba, mji wa watawala Waislamu wa Hispania wa siku zake. Mfalme mwovu wa zamani alipewa nyumba ya mfalme anayeogopwa sasa. Huo ndio mchezo wa vitabu hivi vyote, vijana wangu, na ukishaujua utauona kila ukurasa: mchoraji akiambiwa achore mwisho wa dunia, huchora mtaa wake. Adui wa mwisho huvaa nguo za adui wa jana. Na asiyependa watawala wa Córdoba bado huyapenda matao yao kiasi cha kuyachora kwa uangalifu, jiwe kwa jiwe.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Maius alifariki mwaka 968 akiwa na kitabu kingine mkononi, na mwanafunzi wake Emeterius akaitwa akimalizie. Mwaka 970 Emeterius alimaliza, na kwenye ukurasa mmoja akachora mnara wa Tábara wenyewe: ghorofa juu ya ghorofa, watu wakivuta kamba za kengele, na pembeni chumba ambamo watawa wameinamia kurasa, mwingine anakata ngozi kwa mkasi. Kisha akalalamika kwa maandishi kwamba amekaa humo miezi mitatu, amejikunja, mwili wote umeuma. Nafurahi kwamba alilalamika. Tungejuaje?

Miaka mitano baadaye, mwaka 975, kulikamilika nakala nyingine ambayo leo imehifadhiwa kwenye kanisa kuu la Girona. Jina la Emeterius limo, na pembeni yake kuna jina la mwanamke: Ende, mchoraji. Yeye ni miongoni mwa wanawake wa kwanza Ulaya ambao majina yao yalibaki kwenye kazi ya rangi. Joka lake lina vichwa saba kama mengine. Wasichana, nawaachia mkaitafute picha yake mtandaoni, mhesabu pembe.

Nimetaja ngozi mara mbili bila kueleza. Pale Homa Bay mafunjo yanaota ukingoni mwa ziwa, mnayafuma mikeka na kuezekea, na labda mwalimu aliwaambia kwamba Wamisri wa kale waliyatengenezea karatasi. Ni kweli. Lakini karatasi ya mafunjo hupasuka ukiikunja mara nyingi, na kitabu chenye kurasa za kufungua na kufunga kinataka kitu kisichopasuka. Kwa hiyo ngozi. Na hapa sihitaji kubaki Hispania, maana kazi hiyo bado inafanyika Ethiopia, mpaka na mpaka na sisi, karibu jinsi ilivyofanyika zamani.

Huchukuliwa ngozi ya mbuzi. Inalowekwa siku kadhaa. Inafungwa kwenye fremu ya mbao kwa kamba, inavutwa pande zote hadi ikakaza, kisha fundi anaikwangua kwa kisu kilichopinda: upande wa ndani kutoa nyama na mafuta, upande wa nje kutoa manyoya. Anaisugua kwa jiwe jepesi lenye vitundu, la volkano. Inakaushwa juani ikiwa bado imebanwa, na hapo inageuka: haiwi tena kama ya kiatu au ya ngoma, inakuwa nyeupe, ngumu kidogo, na ukiipiga kwa ukucha inalia. Kitabu kikubwa kinakula kundi zima la mbuzi. Wino mweusi ni masizi yaliyochanganywa na gundi ya mti na kuachwa yaive muda mrefu. Wino mwekundu ni wa majina matakatifu. Kalamu ni tete lililochongwa. Kitabu kinajaladiwa kwa vibao vya mbao, kinatiwa kwenye mfuko wa ngozi wenye mkanda, na kinatundikwa ukutani.

Ethiopia ilianza mapema kuliko Maius, mapema kuliko Beatus. Katika monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa, kuna Injili zenye picha za rangi ambazo wanasayansi walipima vipande vya ngozi zake wakaona ni za kati ya miaka ya 300 na miaka ya 600. Watawa wana maelezo yao: wanasema Abba Garima aliandika kitabu kwa siku moja, na Mungu akalizuia jua lisizame hadi alipomaliza. Ukimkumbuka Emeterius na miezi yake mitatu, utaona kwa nini mwandishi yeyote angetamani hadithi hiyo iwe kweli.

Injili za Garima hazichori mwisho wa dunia. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1700, enzi za wafalme wa Gondar, kulitengenezwa Ethiopia kitabu cha Ufunuo wa Yohana kwa lugha ya Geʽez, kimejaa picha tele: malaika na tarumbeta zao, wapanda farasi, joka, mji mpya unaoshuka. Na wachoraji wa Ethiopia walikuwa na kanuni moja ambayo watoto huielewa haraka kuliko maprofesa. Mtu mwema anachorwa akikutazama usoni, macho mawili. Mtu mwovu anachorwa kwa upande, jicho moja tu linaonekana. Huna haja ya kujua kusoma. Unaingia kanisani, unatazama ukutani au kwenye kitabu kilichofunguliwa, unahesabu macho, unajua nani wa kumwogopa. Shetani jicho moja. Yuda jicho moja. Malaika mawili. Ukimwonyesha mtoto wa darasa la pili mara moja, atakutafutia waovu wote ukurasa mzima huku wewe bado unatafuta miwani.

Pwani yetu ya Kenya nayo ilikuwa na vitabu vya rangi, na ni haki niseme. Huko Siyu, kisiwa cha Pate, mafundi wa miaka ya 1700 na 1800 walinakili Misahafu kwa mkono na kuipamba kwa nyekundu, njano na nyeusi, maua na michoro ya kusuka, bila kiumbe hata kimoja. Kiyama kipo ndani ya Kurani, kirefu na cha kutisha, lakini hukioni kwa jicho, unakisikia. Washairi wa Kiswahili walikibeba kwa sauti, ndiyo maana tuna Utenzi wa Kiyama, wa kuimbwa. Njia mbili za kufanya kazi moja. Sisi watu wa ziwa, kwa jambo hili, tuko zaidi upande wa Siyu: tulikuwa na sauti, hatukuwa na rangi. Si kwamba rangi haikuwepo. Nendeni kisiwa cha Mfangano, kwenye miamba ya Kwitone na pango la Mawanga, mtakuta duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, zilizochorwa na Watwa, wawindaji waliokuwa pale kabla ya Wasuba kufika na mitumbwi yao. Wenyeji wanazihusisha na kuomba mvua. Lakini wa kwetu walipotaka kuzungumzia mwisho wa dunia, walisema.

Mwaka 1913, ng'ambo ya ghuba kule Alego, mtu aliyeitwa Onyango Dunde alitangaza kwamba nyoka mkubwa wa Nam Lolwe, yaani ziwa letu la Victoria, aitwaye Mumbo, alimmeza na kumtema akiwa hai, akampa ujumbe. Wazungu wangetoweka wote. Watu wachinje mifugo wale, waache kulima, maana Mumbo angewapa kila kitu kutoka ziwani. Ujumbe ule ulivuka ghuba ukaingia Nyanza Kusini na Kisii, na serikali ya kikoloni ikawaogopa wafuasi wake kiasi cha kuwakamata viongozi na kuwapeleka uhamishoni pwani ya mbali. Mnaona sasa? Mnyama anayetoka majini. Viazi vinavyoachwa ardhini. Adui wa mwisho mwenye sura ya mkuu wa wilaya. Dunde hakuhitaji kumsoma Beatus.

Nilisema kuna kitabu cha Ufunuo kutoka Ethiopia. Ukitaka kukiona, huendi Gondar. Unaenda London.

Mfalme Tewodros wa Pili alikuwa amekusanya vitabu mamia kwa mamia kwenye ngome yake ya mlimani, Magdala, akikusudia kujengea kanisa maktaba. Aligombana na Uingereza, akawafunga baadhi ya watu wao, na mwaka 1868 jeshi chini ya Robert Napier likapanda mlima kuja kumtoa. Tarehe 13 Aprili ngome ilivunjwa. Tewodros alijipiga risasi asikamatwe. Askari wakapora, kisha Magdala ikachomwa moto. Mali iliyoporwa ilibebwa na ndovu 15 na nyumbu karibu 200 hadi uwanda wa Dalanta, ikapigwa mnada siku mbili, pesa wakagawana wanajeshi. Jumba la Makumbusho la Uingereza lilikuwa limemtuma mtu wake kabisa, Richard Holmes, akiwa na pesa za kununulia. Kiasi cha vitabu 350 viliishia huko, na leo vimo kwenye Maktaba ya Uingereza. Ufunuo wenye picha ni kimojawapo.

Fikirini fundi yule wa Ethiopia. Alikaa na kalamu ya tete akachora miji ikiungua, majeshi yakishuka na tarumbeta, wafalme wakianguka. Kitabu chake kikakaa salama zaidi ya miaka mia. Halafu siku moja yote hayo yakafika mlangoni kwa kweli, na kilichotoka kizima ni kitabu. Waethiopia wanadai mali ya Magdala irudishwe, na baadhi ya vitu vimerudi. Mimi naona wanadai haki yao. Kusema kwamba London imekitunza vizuri si jibu; Abba Garima nao wametunza vyao, kwa muda mrefu zaidi.

Sasa chukueni tena penseli. Kuna mwisho wa dunia mmoja wa kwetu ambao sijaona umechorwa kwenye ngozi ya mbuzi, na mnaujua.

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la mviringo, Simbi Nyaima. Maji yake ni ya kijani na chumvi, samaki wa Nam Lolwe hawaishi humo, na kuna majira ambayo heroe huja hadi ukingo unakuwa wa waridi. Wanajiolojia husema ni shimo la mlipuko wa volkano. Dani, nyanya wa kila mmoja wetu kwenye siwindhe, nyumba ya hadithi, alisema vingine. Palikuwa na kijiji. Usiku mmoja wa pombe na ngoma alitokea mwanamke mzee, amelowa, anatetemeka, akaomba kuota moto. Wakamfukuza. Mama mmoja peke yake alimkaribisha kwake, akampa chakula na mahali pa kulala. Mzee akamwambia: chukua watu wako mwondoke usiku huuhuu. Mama akamwendea mumewe kwenye pombe. Wengine husema mume alikataa kuamka kwenye kiti. Mama akaondoka. Mvua ikaanza. Asubuhi pale palikuwa maji.

Nataka mwuchore kwa kanuni ya Gondar. Ukurasa mmoja, mikanda ya rangi kama ya Maius kama mnapenda, na nyumba ziwe za kwetu: kuta za udongo, paa la nyasi, mitungi ya pombe ya mtama yenye mirija mirefu. Mama mwema ni rahisi, macho mawili. Wanywaji waliomfukuza mgeni, jicho moja kila mmoja, hata kama wako arobaini. Mume ambaye hakuamka? Wavulana wengi niliowauliza humpa mawili, wasichana humpa moja, na hapo darasa hupata kelele.

Kisha mnafika kwa yule mzee. Aliomba kwa upole, akalipa wema kwa wema. Ni yeye pia aliyeleta mvua. Mchoreni akitutazama, mtakuwa mmesema alikuwa na haki. Mchoreni kwa upande, mtakuwa mmesema kitu ambacho dani hakukisema. Na mkishampatia jibu kuna watoto wa wale wanywaji, waliokuwa wamelala ndani, ambao hawakumfukuza mtu. Mimi hao ningewapa macho mawili wote, hata kama yamefumba, halafu ningengoja mchungaji aje tubishane.